Kijana Aliyezipa Elementi Nambari Zake

Mpwa wangu anayesoma shule ya upili huko Taita Taveta alinitega kwa swali ambalo hadi leo namshukuru kwalo. Nilikuwa nimekwenda Voi likizoni kumzuru dada yangu. Jioni moja kijana aliketi mezani, kitabu cha kemia kimefunguliwa penye jedwali la elementi. Kando ya kitabu palikuwa na kijiwe cha kijani kilichofungwa kwa karatasi ya daftari, mali ya baba yake, ambaye huchimba vito upande wa Kasigau. Kijana akataka kujua kwa nini kobalti imepewa nambari 27 na nikeli nambari 28, ilhali kobalti ndiyo nzito zaidi. Ikiwa elementi zimepangwa kwa uzito, mbona hizi mbili zimepishana?

Mimi ni mtu wa isimu. Kazi yangu ni viambishi na ngeli, si atomi. Nilijaribu kujikwamua kwa maneno ya jumla, naye akanitazama kwa adabu ile ambayo wapwa huwatazamia wajomba waliokwama. Nikaahidi kutafuta jibu. Nilichokipata hakikuwa jibu tu bali maisha ya mtu mzima, na kwa kuwa naamini kwamba mwalimu wa kemia na mwalimu wa historia wote wawili wana haki naye, nitayaeleza hapa, msomaji, kwa kadiri nafasi hii inavyoruhusu.

Henry Gwyn Jeffreys Moseley, ambaye jamaa zake walimwita Harry, alizaliwa tarehe 23 Novemba 1887 mjini Weymouth, pwani ya kusini ya Uingereza. Alitoka katika ukoo wa wanasayansi kwa pande zote mbili. Baba yake, Henry Nottidge Moseley, aliizunguka dunia ndani ya meli iliyoitwa Challenger kati ya mwaka 1872 na 1876, akichunguza viumbe wa bahari kuu, kisha akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford. Babu mzaa mama, John Gwyn Jeffreys, alikuwa bingwa wa elimu ya kombe na makoa. Baba alifariki mwaka 1891, mtoto hajatimiza hata miaka minne, akabaki mikononi mwa mama yake, Amabel, mwanamke mwerevu na imara.

Alisoma Eton kwa ufadhili wa masomo, akaingia Oxford mwaka 1906. Hapa ningependa wanafunzi wetu wasikie jambo moja ambalo vitabu vya kiada havisemi. Mtihani wa shahada wa mwaka 1910 ulimpatia daraja la pili. Yeye na walimu wake walikuwa wakitazamia la kwanza, na jambo hilo lilimkera. Hata hivyo Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akiiongoza maabara ya fizikia ya Manchester, alimpokea mwaka huo huo kuwa mwalimu msaidizi wa maabara.

Manchester ya miaka ile ilikuwa kama jiko lisilozimwa moto. Mwaka 1911 Rutherford alitangaza kwamba atomi ina kiini kidogo mno, kizito, chenye chaji chanya, na elektroni ziko mbali nacho. Mjerumani Hans Geiger alikuwako, na tangu mwaka 1908 yeye na Rutherford walikuwa wametengeneza chombo cha gesi kilichoweza kuhesabu chembe za mnururisho moja moja. Mdenmarki Niels Bohr alifika mwaka 1912. Moseley alikuwa miongoni mwa vijana wa kundi hilo, na kwa bidii aliwapita wengi. Alifanya kazi hadi usiku wa manane, hata mwenzake mmoja akakumbuka baadaye kwamba Moseley alijua kila mahali mjini Manchester ambapo mtu angeweza kupata chakula saa tisa za usiku.

Mwaka 1912 habari zilifika kutoka Munich kwamba eksirei, zilizogunduliwa na Röntgen mwaka 1895, hutawanywa na fuwele kwa utaratibu maalumu, kama mawimbi. William Henry Bragg wa Leeds na mwanawe Lawrence wakalishika jambo hilo mara moja. Moseley naye akalitaka. Akaungana na Charles Galton Darwin, mjukuu wa yule Darwin mashuhuri. Rutherford hakuafiki mwanzoni, kwa kuwa hapakuwa na mtu katika maabara yake aliyejua kazi ya eksirei. Moseley akaenda Leeds kujifunza kwa Bragg, akarudi na ujuzi wa chombo ambacho ni lazima nikieleze kidogo, kwa sababu ndicho kitakachoturudisha Voi baadaye.

Chombo hicho ni chumba cha ayoni. Fikiria kopo la chuma lililozibwa, lenye gesi ndani, na vibati viwili vya metali vinavyotazamana. Kimoja kimeunganishwa na upande chanya wa betri, kingine na upande hasi. Gesi iliyotulia haipitishi umeme, kwa hiyo hakuna mkondo wowote. Eksirei zikiingia kupitia kidirisha chembamba, hung'oa elektroni kutoka katika atomi za gesi. Atomi iliyonyang'anywa elektroni huwa ni ayoni yenye chaji chanya, nayo huvutwa na kibati hasi. Elektroni huvutwa na kibati chanya. Mkondo mdogo sana huanza kupita. Kadiri eksirei zinavyozidi, ndivyo mkondo unavyozidi. Jicho haliwezi kuiona eksirei, lakini gesi ndani ya kopo yaweza kuipima nguvu yake.

Niruhusiwe neno moja la taaluma yangu. Jina ayoni lilianza kutumiwa na Michael Faraday mwaka 1834, baada ya kushauriwa na msomi William Whewell, nalo limetoka katika Kigiriki kwa maana ya kitu kiendacho. Wapo wanaolalamika kwamba maneno kama haya ni mazito kwa mtoto wa Mwatate au Wundanyi. Mimi naona uzito hauko katika neno. Mtoto akiambiwa kwamba ayoni ni mwendaji, msafiri anayekivuka chumba kutoka ukuta hadi ukuta kwa kuvutwa na umeme, hatalisahau.

Moseley na Darwin walizielekeza eksirei kwenye fuwele, wakakizungusha chumba cha ayoni polepole, nyuzi kwa nyuzi, wakisoma mkondo katika kila pembe. Walikuta mng'ao wa jumla, na juu yake vilele vyembamba katika pembe fulani tu. Chombo chao kilikuwa na shabaha ya platinamu, nao wakabainisha mistari mitano iliyokuwa ya platinamu. Matokeo yalichapishwa Julai 1913.

Kabla yao Charles Barkla alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba elementi ikipigwa na eksirei kali hutoa eksirei zake yenyewe, na kwamba mtu anaweza kuzitofautisha kwa kupima jinsi zinavyofyonzwa na karatasi za alumini. Aliyapa makundi yake majina K na L, ambayo tungali tunayatumia. Lakini kipimo cha ufyonzaji kilikuwa kama kumtambua mtu kwa kishindo cha nyayo zake nje ya mlango. Fuwele ya Bragg ilifungua mlango.

Darwin akageukia hesabu. Moseley akabaki peke yake, na katika majira ya vuli ya mwaka 1913 akafanya kazi ambayo mtu mwingine angeipangia miaka. Aliamua kupima eksirei za elementi zinazofuatana katika jedwali. Kwa kazi hii alikiacha chumba cha ayoni akatumia bamba la picha, kwa maana bamba huinasa mistari yote kwa pamoja. Tatizo lilikuwa jinsi ya kubadilisha shabaha bila kulifungua bomba la kioo lililoondolewa hewa kila mara. Akaziweka sampuli zake juu ya kigari kidogo kilichokwenda juu ya reli ndani ya bomba, kikivutwa kwa uzi wa hariri wa kuvulia samaki uliozungushwa kwenye vigurudumu vya shaba nyeupe. Kwa eksirei dhaifu ambazo hewa yenyewe ingezimeza, kidirisha kilitengenezwa kwa utando wa utumbo wa ng'ombe, ule ambao wafua dhahabu waliutumia kutenganishia majani ya dhahabu. Nimelipenda jambo hili. Siri ya maada ilipatikana kwa gari la mchezo wa watoto, uzi wa mvuvi, na utumbo.

Elementi za kundi la kwanza zilianzia kalsiamu na kuishia zinki, na miongoni mwake zilikuwamo vanadi na kromi. Msomaji aziweke akilini hizi mbili. Moseley alichukua kasi ya mtetemo wa mstari mkuu wa kila elementi, akatafuta kipeuo chake cha pili, akakichora dhidi ya nafasi ya elementi katika jedwali. Alama zote zikakaa juu ya mstari mmoja mnyoofu. Kutoka elementi moja hadi inayofuata, hatua ilikuwa ile ile. Uzito wa atomi hupanda kwa kurukaruka, hapa sana, pale kidogo, na pengine kurudi nyuma. Hatua ya Moseley ilikuwa moja, kama ngazi iliyopimwa na fundi.

Hapo swali la mpwa wangu likajibika. Kwa uzito, nikeli ingetangulia. Kwa mstari wa Moseley, kobalti ndiyo ya 27 na nikeli ni ya 28, bila shaka yoyote. Wanakemia walikuwa wamezipanga hivyo tangu zamani kwa sababu ya tabia zao, lakini walikuwa wakiivunja kanuni yao wenyewe ya uzito na hawakuwa na la kujitetea. Moseley aliwapa la kujitetea. Nambari ya elementi ni wingi wa chaji katika kiini chake, jambo ambalo mwanasheria Mholanzi aitwaye Antonius van den Broek alikuwa amelikisia bila kipimo. Leo tunasema ni idadi ya protoni. Uzito huongezewa na nyutroni, ambazo James Chadwick alizigundua mwaka 1932: kobalti ina protoni 27 na nyutroni 32, na nikeli iliyo ya kawaida zaidi ina protoni 28 na nyutroni 30. Ndiyo maana mdogo kwa nambari ni mkubwa kwa uzito.

Nami kama mwanaisimu ndipo nilipoushika utamu wa jambo hili. Katika abjadi, B hufuata A kwa mazoea tu. Hakuna kitu ndani ya sauti ya B kinachoilazimu ikae pale, na lugha nyingine zimezipanga herufi zao vinginevyo. Kabla ya mwaka 1913 nambari ya elementi ilikuwa hivyo hivyo, nafasi katika foleni. Baada ya Moseley nambari ikawa kitu kilichomo ndani ya elementi yenyewe. Ukiibadilisha nambari, umebadilisha kitu. Katika isimu hatujabahatika kupata kanuni ya namna hiyo, na sidhani kama tutaipata.

Mwishoni mwa mwaka huo alihamia Oxford, akawa karibu na mama yake, akifanya kazi bila cheo wala mshahara. Makala yake ya pili, ya Aprili 1914, ilipanda kutoka alumini, nambari 13, hadi dhahabu, nambari 79. Sasa aliweza kusema si tu kilichopo bali na kisichopo. Palikuwa na pengo kwenye nambari 43, 61 na 75. Mfaransa Georges Urbain, ambaye alikuwa ametumia miaka mingi kuzitenganisha elementi adimu kwa kuziyeyusha na kuzigandisha mara maelfu, alimletea sampuli zake Oxford mwaka 1914. Moseley alizisoma katika muda wa siku chache, wala hakuiona elementi mpya ambayo Urbain aliidhania kuwa ya 72. Nambari 72 ilipatikana Copenhagen mwaka 1923, kwa eksirei, ikaitwa hafni. Nambari 75 ilipatikana 1925, nambari 43 mwaka 1937, nambari 61 mwaka 1945. Yeye hakuwako kuziona.

Katikati ya mwaka 1914 alisafiri na mama yake hadi Australia kuhudhuria mkutano mkubwa wa wanasayansi wa Uingereza. Vita vikazuka. Mara tu mkutano ulipokwisha alifanya haraka kurudi, akang'ang'ania kuingia jeshini. Angeweza kutafutiwa kazi ya maabara kwa ajili ya vita, hakutaka. Alipewa cheo katika kikosi cha wahandisi wa kifalme, akafunzwa mawasiliano. Geiger wakati huo alikuwa afisa wa mizinga katika jeshi la Ujerumani, na Chadwick, aliyekuwa masomoni Berlin, alikuwa amefungwa kambini. Meza moja ya Manchester ilikuwa imegawanyika pande tatu.

Mwezi Juni 1915 Moseley alipelekwa Gallipoli, nchini Uturuki. Alfajiri ya tarehe 10 Agosti 1915 Waturuki walishambulia kwa nguvu kutoka vilima vya Chunuk Bair. Moseley, afisa wa mawasiliano wa brigedi, alikuwa akipeleka amri kwa simu alipopigwa risasi kichwani. Alikuwa na umri wa miaka 27, ile nambari ya kobalti, kama mpwa wangu alivyong'amua kabla yangu. Kaburi lake halijulikani; jina lake limechongwa kwenye mnara wa Helles, pamoja na ya maelfu wengine wasio na makaburi. Katika wasia wake aliiachia mali yake Royal Society ya London kwa ajili ya utafiti. Mwaka huo huo 1915 jina lake lilikuwa limependekezwa kwa tuzo ya Nobel. Rutherford aliandika kwa uchungu kwamba kumtumia mtu wa aina ile kama askari wa kawaida ulikuwa ubadhirifu wa taifa.

Nilipofika hapa niliacha kusoma, kwa kuwa tarehe ile ilinigusa kwa njia nyingine. Agosti 1915 si mwezi mgeni Taita Taveta. Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta tangu Agosti 1914. Waingereza nao walikuwa wakijenga reli ya vita kutoka Voi kuelekea magharibi, na katikati ya mwaka 1915 ilikuwa imefika Maktau. Mapigano ya Mbuyuni yalikuwa Julai. Salaita na vilima vya Latema na Reata vingefuata Februari na Machi 1916. Na mwezi ule ule wa Agosti 1915, baada ya Wajerumani kufika Kasigau, serikali ya kikoloni iliwashuku wenyeji kuwa wamemsaidia adui, ikawafukuza kutoka mlimani kwao na kuwapeleka Malindi. Wengi walifia huko kwa maradhi na njaa. Waliosalia hawakuruhusiwa kurudi nyumbani kwa miaka mingi.

Rutherford alimlilia mtu mmoja kwa haki. Makaburi ya vita ya Voi yanayo mawe yenye majina, mojawapo la Luteni Wilbur Dartnell, aliyefia karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915 na kupewa nishani ya juu kabisa ya ushujaa. Lakini wapagazi wa Keriokoo, waliobeba vyakula na risasi kutoka kituo cha Voi na vituo vingine hadi ndani ya Tanganyika, hawana mawe. Sanamu ya Nairobi inawakumbuka kwa jumla, bila jina hata moja. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba zaidi ya Waafrika laki moja waliokufa katika vita hivyo hawakupewa kumbukumbu kwa majina. Ni vigumu kwangu kuisoma habari ya kijana aliyeipa kila elementi nafasi yake, pasipo kuiruka hata moja, na kuweka nafasi wazi kwa zile zisizojulikana bado, kisha nisiwafikirie watu ambao hata nafasi wazi hawakuwekewa. Wanahistoria wa Taita wanazo orodha za kutafuta, na wazee waliosimuliwa na baba zao wanazidi kutoweka.

Sasa nirudi kwenye kile kijiwe cha kijani.

Ardhi ya Kasigau, Kuranze na Mangari ni tajiri wa vito. Yakuti nyekundu ya mgodi wa John Saul, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1970. Mwanajiolojia Campbell Bridges, aliyeiona ganeti ya kijani Tanzania mwaka 1967, aliikuta tena Taita Taveta miaka michache baadaye. Mwaka 1974 ikatangazwa ulimwenguni kwa jina la tsavoraiti, kutokana na Tsavo. Bridges aliuawa karibu na Voi mwaka 2009 katika mzozo wa machimbo, jambo linaloonyesha kwamba mawe haya si mchezo. Tsavoraiti ni ganeti ya kalsiamu na alumini. Ikiwa safi kabisa haina rangi. Ukijani wake watokana na chembe chache za vanadi, nambari 23, na pengine kromi, nambari 24. Kromi hiyo hiyo ndiyo inayoifanya yakuti kuwa nyekundu.

Mtu atajuaje kilichomo ndani ya jiwe bila kulivunja? Kwa njia ya Moseley. Lipige kwa eksirei, nalo litajibu kwa mng'ao wa eksirei zake. Kalsiamu itajitaja, vanadi itajitaja. Jiwe la kijani lisilo na kalsiamu nyingi si tsavoraiti; huenda ni tomalini, ambayo huku kwetu pia hupata ukijani wake kwa vanadi, na bei yake aghalabu ni ya chini. Siku hizi kuna vyombo vya kushikwa mkononi vinavyofanya kazi hiyo kwa dakika moja au mbili.

Lakini pana mtego, nao unatufundisha kwa nini gesi peke yake haitoshi. Mstari mkuu wa vanadi una nishati ya elektronivolti 4,950 hivi, na wa kromi 5,410 hivi. Katika kitambuzi kilichojaa gesi ya agoni, kila jozi ya ayoni na elektroni hugharimu takriban elektronivolti 26. Kwa hiyo eksirei moja ya vanadi huzaa jozi karibu 190, na ya kromi karibu 208. Tofauti ni ndogo, na idadi yenyewe hubadilikabadilika kidogo kila mara, hata vilele viwili vikaingiliana kama sauti za watu wawili wanaosema pamoja. Tena vanadi ina mstari wa pili, wa elektronivolti zipatazo 5,430, unaoangukia karibu juu kabisa ya mstari mkuu wa kromi. Mpimaji asiye mwangalifu atasema ameiona kromi, kumbe ni vanadi imerudia kujitaja. Anayetaka hakika huzipitisha eksirei kwenye fuwele kwanza, kila mstari uende pembe yake, ndipo kitambuzi cha gesi kihesabu. Ndiyo kazi ya Moseley na Darwin ya mwaka 1913 karibu nukta kwa nukta.

Upo na upimaji wa ufyonzaji, unaouliza swali la ndani zaidi. Mwali wa eksirei hupitishwa kwenye chumba cha ayoni cha kwanza, kisha kwenye jiwe lililosagwa au kukatwa jembamba, kisha kwenye chumba cha pili. Cha kwanza hujazwa gesi nyepesi, kama naitrojeni, ili kionje mwali bila kuula. Cha pili hutiwa gesi nzito zaidi, kama agoni, ili kimeze kiasi kikubwa cha kilichobaki. Ukiupandisha mwali nishati kidogo kidogo, ukifika elektronivolti 5,465, vanadi huanza kufyonza kwa ghafla na mkondo wa chumba cha pili huporomoka. Umbo la mporomoko huo hueleza kama vanadi imepoteza elektroni tatu au nne, na imezungukwa na majirani gani ndani ya fuwele. Kazi hiyo huhitaji mwali wa mtambo mkubwa ambao barani Afrika bado haupo. Wa karibu nasi uko Yordani, katika kituo cha SESAME kilichoanza kazi mwaka 2017 kwa ushirikiano wa mataifa ambayo mengine hayasalimiani.

Sisemi kwamba Voi ijengewe mtambo kama huo kesho. Lakini Chuo Kikuu cha Taita Taveta kinafundisha uhandisi wa madini, na mjini Voi kimejengwa kituo cha vito. Kati ya darasa la kemia la mpwa wangu na mgodi wa baba yake pana mwendo wa saa chache tu, na bado katika darasa lile vanadi ni herufi V ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani, na kule mgodini ni rangi tu, ya kukisiwa kwa tochi na ukucha. Dalali ajaye kununua, yeye ana mahali pa kulipima jiwe. Anayeliuza hana. Bei hutoka kwa anayejua.

Niliporejea Voi na jibu la kobalti na nikeli, kijana alilisikiliza lote, akaniomba nirudie habari ya kigari na uzi wa hariri, akakichora nyuma ya daftari lake. Nikauliza habari za kile kijiwe. Shemeji yangu alikuwa amekwisha kukiuza wiki iliyotangulia, kwa mnunuzi aliyekitazama juani kwa jicho moja na kutaja bei. Karo ilikuwa imefika.